Jino Zima la Kapitolina

Kapitolina Yegorovna Sukhareva alifika miaka themanini na moja akiwa na meno yake yote kasoro moja. Kwao, kijijini upande wa Pskov, watu walikuwa na meno ya kuvunjia kokwa, naye alijisifia hadharani bila haya, maana uzuri mwingine, alisema, ulimwishia dada yake. Ila ukimuuliza lile moja lilikwenda wapi, alikumiminia chai na kukuuliza habari za mama yako. Haya, sasa hayupo wa kununa, na tuliseme.

Mwaka ulikuwa 1937, mji Leningrad, na Kapitolina alikuwa na miaka thelathini na mbili. Alishona mikono ya makoti katika kiwanda kimoja ng'ambo ya mto, na kwa mikono hakuna aliyemfikia. Mumewe, Arkhip, alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Mwezi wa tisa walikuja watu watatu wakamchukua, hata kofia hakuvaa. Kazini Kapitolina alisema mume wake amepelekwa kaskazini kwenye kazi za reli. Alilisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, akaendelea kushona. Alijua fika ukweli ukitoka kitakachofuata: mke wa adui wa taifa hafanyi kazi pale, hakai mjini, na mtoto wake anapelekwa nyumba ya watoto, huenda na jina akabadilishwa. Binti yake Rimma alikuwa na miaka sita.

Kwa hiyo hakulia. Na angelilia wapi? Chumba chao kilitenganishwa na cha jirani kwa ubao mwembamba, jirani akipiga chafya, wa upande huu wanamtakia afya. Jikoni kuna wanawake watano, kila mmoja na jiko lake na masikio yake. Bafuni foleni. Miezi miwili na zaidi alimeza tu, mpaka kifua kikawa kizito kama kimebebeshwa donge la unga mbichi.

Tiketi za muziki zililetwa na Ndugu Tyulpin, katibu wa kamati ya wafanyakazi, mtu mwembamba mwenye daftari asiloliacha hata akienda chooni. Simfonia mpya, alisema, yaani muziki mrefu wa bendi kubwa, ya mtunzi ambaye mwaka mmoja nyuma magazeti yalimchambua vibaya. Sasa wafanyakazi waende wasikilize, kisha watoe maoni yao. Kapitolina angependa sarakasi. Lakini tiketi ya bure haikataliwi, na ukumbini kulikuwa na joto.

Sehemu ya kwanza hakuambulia kitu. Ya pili ilimchekesha kidogo, maana ilimkumbusha mjomba wake akicheza harusini na buti moja. Ya tatu ndiyo iliyomfumania. Tarumbeta zote zilinyamaza, zikabaki fidla, polepole, chini chini, mfano wa watu wanaozungumza kitandani wakichunga wasisikike upande wa pili. Kapitolina akashtuka. Nani kampa mtu huyu habari za chumbani kwangu, alijiuliza, na kabla hajapata jibu machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Aliuma kitambaa cha kichwa. Mbele yake bwana mmoja mwenye mabega ya kijeshi alikuwa akitikisika. Kushoto, mama mmoja mnene alijitia glavu mdomoni. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha ngoma zikaja za kupasua paa, watu wakasimama, wakapiga makofi nusu saa nzima, na Kapitolina naye akapiga mpaka viganja vikawaka moto, akidhani yamekwisha salama.

Kumbe hayajaanza. Kesho yake, baada ya zamu, Tyulpin aliwaita kantini, katikati ya harufu ya supu ya kabichi, akafungua daftari. Wilaya ilitaka taarifa: wafanyakazi wameipokeaje simfonia? Sasa hebu muonee huruma kidogo. Magazeti yalikuwa bado kimya. Hakuna aliyejua kama muziki ule ni mzuri au ni uchafu wa maadui, na yeye alitakiwa aandike leo kile ambacho wakubwa wangekijua mwezi ujao. Akiandika watu wamefurahi, na muziki ukaja kuwa mbaya, amekwisha. Akiandika wamechukia, na ukaja kuwa mzuri, vilevile amekwisha. Basi watu walisema maneno mepesi. Mwisho ulikuwa na nguvu. Ngoma zilikuwa kubwa. Katikati palikuwa parefu.

Hapo Nyura wa kukata vitambaa, msichana asiye na ubaya ila mdomo wake haujui kufungwa, akacheka na kusema Kapa, ndivyo alivyomwita Kapitolina, alilia mpaka kitambaa kikaloa, yeye alikaa nyuma yake na alimwona.

Tyulpin akaacha kuandika. Akainua macho, na watu wote wakayateremsha ya kwao kwenye mabakuli.

"Ndugu Sukhareva, ulikuwa unamlilia nani?"

Kapitolina aliona uso wa Rimma, wazi kabisa, na nywele zake zilizosukwa vibaya asubuhi ile. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Jino," alisema. "Lilinikamata katikati ya muziki. Nilidhani nitakufa."

Bi Agrafena wa vifungo, mjane wa miaka sitini, akaweka kijiko chini na kusema kwamba hata yeye jino lilimsumbua pale pale, lazima ni baridi ya kule mlangoni. Wa tatu akasema jino. Wa nne akasema jino na sikio. Hakuna aliyecheka, na Nyura alikuwa mweupe kuliko kitambaa cha meza. Tyulpin aliandika yote, polepole, akahesabu, akasema afya ya mfanyakazi ni mali ya taifa: baada ya siku tatu daktari wa meno atakuja kiwandani, na hao wanne watatibiwa ndani ya saa za kazi, yeye mwenyewe akiwepo. Kama alikuwa akiwatega au akiwaokoa, mpaka leo watu hawajakubaliana.

Siku tatu hizo Kapitolina hakula wala hakulala. Alijitazama kinywani kwa mgongo wa kijiko. Meno yamepangana, meupe, hakuna hata doa. Kwa mara ya kwanza maishani aliwalaani mababu zake. Daktari akichungulia tu, uongo utakuwa mezani, na swali la Tyulpin litarudi palepale lilipoachwa, safari hii bila jino la kujifichia. Siku ya pili, chooni kazini, alichukua sindano ya kushonea bitana akajichoma fizi ya nyuma, mara nne, tano, ili ivimbe. Ilitoka damu. Haikuvimba.

Daktari aliitwa Berta Isaakovna, mama mfupi mwenye mikono ya kiume. Aliweka vyombo vyake kwenye chumba cha huduma ya kwanza, na mashine ya kutobolea aliyoikanyaga kwa mguu, kama cherehani zao. Tyulpin akavuta kiti akaketi mlangoni na daftari lake. Kapitolina akaitwa wa kwanza.

Berta Isaakovna alitazama. Akagonga jino moja moja kwa kichuma, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaona matundu ya sindano. Akageuza mgongo wake mpana ukaziba njia yote ya mlangoni, akainama.

"Lilianza kuuma lini?" aliuliza, chini kabisa.

"Kwenye simfonia. Ile sehemu ya polepole."

Daktari alipangusa kichuma chake, ingawa kilikuwa kisafi.

"Wewe ni wa tisa wiki hii kuumwa kwenye muziki ule," alisema. "Lipi litoke, binti yangu? Huyo wa nyuma yangu atataka kuliona."

Kapitolina alionyesha gego la mwisho, pale palipochomwa. Daktari akasema haya, hilo hata likienda utatafuna, akachukua sindano ya ganzi. Kapitolina akamshika mkono.

"Bila ganzi," alisema. "Nataka kulia."

Berta Isaakovna akairudisha sindano kwenye sahani. Hakumwambia pole, wala jipe moyo. Akashika koleo.

Jino zima halitoki kirahisi. Lilipasua taya, lilipasua kichwa, na Kapitolina akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, vile ambavyo hakuwahi kulia tangu utotoni. Alimlilia Arkhip na kofia yake iliyobaki kwenye msumari. Alilia kwa ajili ya vifurushi vitatu alivyompelekea, vikarudishwa kwenye dirisha la gereza, na kwa ajili ya Rimma aliyefundishwa kusema baba yuko kwenye reli. Jino lilipokwisha kutoka, likalia kling kwenye bakuli, yeye bado alikuwa akilia, na daktari aliendelea kusimama palepale na koleo hewani, kana kwamba kazi haijaisha. Nje, wale watatu waliokuwa wakingoja foleni walisikia kila kitu. Bi Agrafena alisimama akaegemea ukuta, akilia kabla ya kuguswa.

Tyulpin alikuja akalichukua jino kwenye bakuli. Aliligeuza kwenye kiganja. Lilikuwa jeupe, zuri, la kuwekwa dukani.

"Mbona zima hili?"

"Ubovu wa mizizi huuoni wewe," alisema daktari bila kumtazama. "Mwite anayefuata."

Akalirudisha, akajipangusa mkono kwenye suruali, akaandika: jino. Taarifa ikaenda wilayani na mhuri wa kiwanda. Wafanyakazi walisikiliza kwa utulivu. Hakuna aliyelia. Wanne waliumwa meno, wametibiwa.

Mwezi wa kumi na mbili ukawa unaishia. Ndipo magazeti yakafungua mdomo, na loo, simfonia ni nzuri! Ni kubwa, ni ya taifa, na mwandishi mmoja mwenye jina alisema watu walilia ukumbini na machozi yale ni heshima ya msikilizaji wetu. Siku mbili baadaye Tyulpin alisimama mbele ya cherehani ya Kapitolina, kofia mkononi, jasho puani wakati nje barafu imeganda. Wilaya imempigia simu. Viwanda vyote vimeleta majina ya waliolia, kimoja kimeleta hata kumi na watano, na chake yeye hakina hata mmoja; je, ana watu au ana mawe? Gazeti la kiwanda, lile linalobandikwa ukutani, linatoka kesho. Nafasi ipo juu kabisa, na picha.

"Kapitolina Yegorovna," alisema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwita kwa heshima, kwa jina lake na la baba yake, "sema tu kwamba ulilia. Maneno mawili. Nakuomba."

Cherehani zilizokuwa jirani zilikuwa zimesimama. Kapitolina alikata uzi, akageuza mkono wa koti, akaukagua mshono. Ulimi wake ulikwenda wenyewe kwenye pengo, kama ulivyokwenda kila siku tangu siku ile, na kama ulivyoendelea kwenda miaka karibu hamsini, maana Arkhip hakurudi. Akayainua macho, akafungua kinywa wazi, akalionyesha pengo kwa kidole chenye kastabini ya kushonea.

"Mimi sikulia, ndugu katibu," alisema. "Lilikuwa jino. Ulilishika mwenyewe."

Akakanyaga cherehani.