Uso Ambao Kyengo Hakuuona

Kabla ya mwaka wa 1966, Mwalimu Kyengo wa kanisa la mabati pale Garissa alikuwa amezika watu kumi na mmoja, na wote aliwaona uso. Ndivyo walivyozika: kwanza kifuniko kinafunguliwa, kwaya inaimba taratibu, waumini wanapita mmoja mmoja kumuaga marehemu. Asiyeagwa hivyo, akina mama walisema, hakuzikwa, kafukiwa tu.

Kisha mashifta, wale waasi wa kaskazini, wakachoma lori kwenye barabara ya Wajir. Walikuwamo wawili: Kilonzo, karani na mzee wa kanisa, na dereva wake Diriye. Ikapatikana maiti moja tu. Askari wakaleta sanduku lililopigiliwa misumari, wakasema ni Kilonzo, na lisifunguliwe.

Mkewe, Syombua, akalikumbatia lile sanduku. "Nifungulieni nimwone!" Jua linachoma, ofisa anatazama saa. Kyengo alikuwa mtu mwema lakini mwoga, wacha niseme kweli. Akamwinamia. "Mama, mimi nimemwona. Ni yeye." Syombua akaachilia. Wakaimba, wakatupia udongo, wakasimika msalaba.

Uongo wa huruma, sivyo? Hata mimi ningeusema.

Siku ya tatu akaja Maka, mama yake Diriye, vumbi hadi magotini. "Mwalimu, nasikia wewe naona uso ya hiyo maiti. Ni karani? Si kijana yangu?"

Loo! Akikana, Syombua atakuwa amemlilia nani? Na kama aliyelala chini ya msalaba ni Mwislamu, mtoto wa huyu mama, je? Kyengo akasema, "Ni karani."

"Alhamdulillahi!" Maka akalia kwa furaha. "Basi Diriye iko hai."

Tangu hapo Kyengo hakupata raha. Kila kifuniko kilipofunguliwa kanisani, alifumba macho na kushika ukingo wa sanduku, kwa maana ndani alimwona Diriye, daima Diriye, akimuuliza kwa nini hakulazwa kuelekea kibla. Watu wakadhani anaomba.

Na kila Ijumaa Maka alimletea maziwa ya ngamia.

"Kunywa, mwalimu. Diriye akirudi, nitamwambia ni wewe nalinda roho yangu."

Alisimama pale mlangoni, anatabasamu, anangoja chombo chake. Kyengo akanywa yote.