Kibuyu cha Maji ya Ziwa

Leo maharagwe yamezidi magadi, nami nimesita na kijiko mdomoni.

Nikiwa mdogo, baba alinibeba kwenye lori la mahindi ya msaada, kutoka Eldoret hadi Ziwa Turkana, kule jangwani. Mama alitamani sana kuliona, lakini nani angekamua ng'ombe? Alinivalisha sweta mbili. Hakujua kuna mahali Kenya hii sweta haina kazi.

Ziwa lilikuwa la kijani, upepo wake moto kama wa jikoni. Nilimjazia mama kibuyu cha maji.

Tuliporudi, mama aliyatumia kupika chai. Baba alionja, akatema.

"Mwaga hiyo kitu, mama watoto! Ni magadi tupu."

Mama akaendelea kunywa polepole, macho amefumba.

"Wacha kwanza," akasema. "Bado naangalia ziwa."