Fundi Asiyekunywa Soda ya Mwenye Nyumba

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Kamwokya, Kampala. Fundi Mugisho amepiga magoti katika chumba kitupu kinachonuka rangi mpya. Anamwaga maji sakafuni, kisha anatulia kuyatazama. Maji yanasita kidogo, yanaelekea ukuta wa nyuma na kupotelea chini yake.

Nyuma yake amesimama Mama Adyero, mjane wa polisi. Ametakiwa kuhama kambi ya polisi mwisho wa mwezi huu, na mafao ya marehemu ndiyo akiba pekee waliyo nayo yeye na watoto. Nyumba hii ameipenda tangu alipovuka kizingiti chake.

Mlangoni, dalali hatulii. "Mama, kuna watu ingine nje, iko tayari kulipa. Huyu mzee anacheza na maji tu!"

Ni kweli, wapo. Nje ya geti, mume na mke vijana wanasubiri ndani ya gari, wamempakata mtoto mchanga. Siku hizi nyumba ya bei nafuu Kampala haikai sokoni, na mnunuzi anayeomba kuikagua huonekana msumbufu. Wanasema haraka haraka haina baraka. Nadhani baraka zote humwendea dalali.

Mwenye nyumba analeta soda kwenye trei. Mugisho anashukuru, anainamisha kichwa, lakini haigusi. Kwa wengi hapa huo ni utovu wa adabu, naye anajua.

"Nikikunywa soda yake, nitamuonea haya," ananieleza baadaye, mimi mwandishi ninayeandamana naye leo. "Na mutu mwenye haya hawezi sema ukuta ni mubovu."

Mugisho alikuwa mwashi Bukavu kabla ya vita kumleta Uganda. Alipofika Kampala alipata chumba cha kupanga ambacho wengine walikuwa wanakingojea, akawahi kulipa. Mvua kubwa ya kwanza, ukuta ukaangukia kitanda cha binti yake, Exaucée. Alikuwa darasa la pili.



"Nilijenga nyumba za watu miaka mingi," anasema. "Ile moja ya mutoto wangu, sikuigonga hata na kidole."

Tangu hapo hukagua nyumba za wengine kabla hawajalipa. Hutoza shilingi elfu hamsini. Wajane na wakimbizi wenzake huwakagulia bure, ndiyo maana siku nyingine bado anabeba zege.

Leo anagonga kuta kwa sarafu, ametega sikio. Anachungulia darini. Kisha anatoka kwenda kwa jirani anayekaanga chapati, kwani jirani, anasema, hana cha kuuza isipokuwa chapati.

"Huo ukuta?" mama yule anajibu bila kuinua macho. "Wanapiga plasta kila mvua ikiisha."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini rangi mpya huyafumba hata macho mazima.

Mugisho anamvuta Adyero pembeni. "Mama, hapa palikuwa kinamasi, walijaza udongo. Ule ukuta unazama. Usilalishe watoto humu."

"Fundi, sasa naenda wapi?" Adyero analia waziwazi. "Kambi wananitoa. Hakuna nyumba ingine ya hii bei."

Ninamhurumia, na ninakasirika bila kujua nimkasirikie nani. Kisha anajifuta machozi, anamgeukia dalali. "Wacha hao wengine wachukue."

Ndipo Mugisho anapofanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Anakwenda kwenye gari, anainama dirishani na kuwaeleza wale vijana yote aliyoyaona.

Mume anacheka. "Mzee, umetumwa. Unatutisha tuondoke, huyo mama wako anunue rahisi." Anapandisha kioo. Kabla ya adhuhuri wameshalipa.

Sasa Adyero anaishi na wanawe katika chumba kimoja cha kupanga, kimebana, lakini kuta zake Mugisho amezigonga zote. Bado wanatafuta nyumba pamoja.

Na kila mvua kubwa ikikatika, fundi huyu hupita kwanza nje ya ile nyumba ya Kamwokya ndipo aende kazini. Ukuta bado umesimama. Namuuliza anatumaini nini.

"Naomba Mungu nionekane muongo," anasema. "Yule mutoto akue, atembee, na baba yake anicheke kila siku."