Mwali, Kumfuata Kavira

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu moja tu: kumrudisha binti yangu nyumbani. Kavira alisoma mambo ya wanyama chuo kikuu, kisha akaenda kisiwa cha Mwali, kule Komoro, kwa utafiti mfupi wa ndege wa milimani. Utafiti ukaisha, yeye akabaki. Sasa huwapandisha watalii msituni kuwaonyesha ndege hao. Mimi, tangu mama yake afariki, naishi peke yangu katika nyumba yetu ya mtaa wa Hewa Bora, na vyumba vimekuwa vingi mno.

Asubuhi ya safari, jirani yangu alinikuta nikifunga mlango.

"Papa Kambale, unaenda mbali hivi kuangalia ndege? Hapa hatuna ndege?"

"Ninaenda kutafuta mutoto," nikamjibu.

Nilibadilisha avioni Addis Ababa, nikashuka Moroni, na kutoka pale avioni ndogo ikanivusha hadi Mwali. Dirishani nilikiona kisiwa: mgongo wa mlima umefunikwa msitu mzito, na bahari pande zote. Nikaogopa. Mtoto wangu alikuwa mbali kuliko nilivyowaza nikiwa nyumbani.

Uwanjani Fomboni, Kavira alikuja mbio, mabuti yana matope. Amekonda, lakini macho ni yaleyale ya mama yake.

"Papa! Kweli umefika?"

Tulifikia kwa Mama Zainaba, mwenye nyumba ya wageni. Lugha yake na yangu ni ndugu. Nusu naielewa, nusu inanipita, na tulipokwama tulikimbilia Kifaransa. Wakati wa kula samaki wa nazi, aliniangalia sana.

"Umekuja kumchukua?"

Akaendelea kupakua chakula. "Wageni wanakuja kwa ajili ya ndege, na Kavira ndiye anayejua ndege hao walipo. Tangu wageni hao waanze kulala hapa na kulipa, wanangu hawapandi tena kukata miti kule juu. Basi nimeuliza tu."

Kesho yake Kavira alinipeleka mlimani. Kwanza tulipita migomba na mikarafuu, kisha mizizi, matope na ukungu. Alitangulia, akawa anasimama kila mara na kujifanya anatafuta ndege ili mimi nipumue. Juu ya mti uliokauka alinionyesha njiwa wa buluu mwenye kichwa cheupe na jicho lililozungukwa na wekundu. Kusema kweli, sikuwahi kuona njiwa aliyevaa vizuri hivyo.

Kileleni tukaketi juu ya gogo. Nikaona saa imefika, nikamwita kama kwetu tunavyowaita mabinti zetu.

"Mama, nilikujengea nyumba kule Lubumbashi, mtaa wa Ruashi. Mabati yako tayari juu. Turudi."

Akakwangua tope kwenye buti kwa kijiti.

"Papa, unawaza mimi sikumbuke kwetu? Ninakumbuka kila siku. Hata saa hii, uko hapa, ninakumbuka."

"Basi rudia, mutoto yangu."

"Hapana, Papa. Kazi yangu iko hapa. Nikirudia, nitakaa Ruashi ninatafuta hii pori kila asubui." Akanishika mkono. "Lakini sema na mimi. Sema tu. Hapa hakuna muntu wa kusema na mimi Kiswahili ya kwetu."

"Niseme nini?"

"Kitu yoyote. Niambie njia ya Kasomeno iko namna gani."

Nikamwambia, maana ndiyo njia ninayopita kwa biashara yangu ya maharage. Nikamsimulia kamio yetu, lile lori la mizigo, ilivyozama kwenye matope na maharage yote ndani, na wale wamama wauza samaki wa Kasenga waliomtukana dereva kisha wakamsaidia kusukuma. Nikaiga sauti zao. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha machozi yakaja na kicheko kikaendelea, vyote pamoja. Nilikuwa bado nasema alipoinua kidole. Karibu nasi alitua ndege mdogo, mgongo buluu, tumbo jeupe kabisa. Akanong'ona jina lake. Jina hilo sikulishika, maana nilikuwa nautazama uso wa binti yangu.

Siku ya kuondoka alinishika mkono wa shati mpaka walipotuita kupanda. Sikumuuliza tena.

Nyumba ya Ruashi nimempangisha mwalimu mwenye watoto wengi. Nilikuwa nikiamini kwamba mtu akikumbuka kwao, dawa ni kumrudisha. Mwali nilijifunza kwamba mtu anaweza kukumbuka kwao kila siku na bado akawa mahali pake. Kukubali jambo hilo bado kunaniuma.

Juzi, njiani kuelekea Kasomeno, nilimwambia dereva azime mota katikati ya pori.

"Patron, kuna nini?"

"Nyamaza kidogo."

Kwenye matawi, ndege alikuwa akiimba, sauti tatu zikipanda, moja ikishuka. Nilitoa simu dirishani nikairekodi sauti ile, nikabonyeza kumtumia Kavira. Dereva akasubiri, mimi nikasubiri ujumbe uondoke, na pale hakuna reseau, mtandao wa simu.