Askari Wameongezeka

Mimi ni muuguzi hapa Songea. Wagonjwa huwa nawaeleza kwamba virusi vya UKIMWI huua chembe za CD4, askari wa mwili, na dawa huwasaidia kuongezeka tena. Juzi majibu ya damu ya mzee mmoja yalitoka mazuri, nikampigia simu. Kwa ujanja wangu wa kutunza siri, sikutaja damu.

"Shikamoo baba. Askari wameongezeka sana. Njoo kliniki."

Akakata simu. Nikadhani ni furaha.

Jana mkewe, naye mgonjwa wetu, alinikuta na daktari. "Sista, mume wangu amekimbilia kijijini Mpitimbi. Anasema ulimwonya kuwa polisi wamejaa. Gongo yote aliyokuwa akiipika kwa siri, pipa zima, ameimwaga."

Daktari akanigeukia. "Askari gani hao?"

"Wa CD4," nikajibu nikitazama viatu vyangu.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. "Basi usimweleze haraka, sista. Acha pipa likauke kwanza."