Kumbikumbi Sita Kwenye Friji ya Soda

Mama Achieng wa duka la soda amekula kazi yangu leo.

Mwalimu wa baiolojia aliagiza picha ya kumbikumbi, nami nimebakisha picha mbili tu kwenye filamu. Ukigeuza lenzi nyuma mbele ili ikuze vitu vidogo, mdudu akisogea milimita moja, umemkosa. Kwa hivyo nilimwachia Mama Achieng kikombe chenye sita. Dakika kumi kwenye friji, watulie kwa baridi.

Kurudi, kikombe kitupu!

"Si ni zawadi, omera? Na hata chumvi hukuweka."

Mabawa alikuwa ameyang'oa na kuyaacha kwenye sahani. Yamelala bapa, hayatikisiki, kila mshipa unaonekana. Nikapiga picha zote mbili.

Kesho mwalimu ataniuliza mdudu yuko wapi. Nimtume kwa Mama Achieng?