Kisu cha Kukunja na Ng'ombe wa Mama

Iko siku moja, mwanangu, haijanitoka mpaka leo. Jana uliporudi pwani ukakikunja kisu chako kikiwa kimelowa maji ya chumvi, ukakitia mfukoni, siku ile ilinijia yote. Niliingia ndani nikakaa kitandani.

Nilikuwa kigori, tukiishi hapa hapa Msuka. Baba alikwishafariki. Mama alibaki na ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa yale ndiyo yaliyotulisha na kutuvisha. Kaka yangu Khamis ndiye aliyerithi kisu cha kukunja cha baba, kisu kizuri chenye mpini wa pembe. Lakini alikifanyia kila kazi. Alikatia pweza, alichokolea chaza, kisha akakikunja vile vile na mchanga wake. Mama akimwambia akioshe, yeye hujibu kuwa kisu hakishikwi na mafua. Alikuwa mcheshi sana kaka yangu, Mungu amrehemu.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Ng'ombe aliteleza pale alipofungwa, akaanguka korongoni na kuvunjika mgongo. Tulimkuta kalala ubavu, anakoroma, macho wazi. Wajua sheria yetu: akichinjwa roho ingalimo, ni nyama halali, wa kula ale na wa kuuza auze. Roho ikitoka ni mzoga. Mama akamwambia Khamis achinje upesi.

Khamis akatoa kisu, kisifunguke. Chumvi ilikuwa imekula bawaba, na kutu imeushika ubapa ndani ya mpini. Akatia ukucha, ukang'oka. Akauma kwa meno, akakigonga kwenye jiwe. Mama akanituma nyumbani nikalete kisu cha jikoni, nami nikakimbia mpaka kifua kikauma. Niliporudi nacho, jirani yetu Mzee Faki alikuwa ameinama kumgusa ng'ombe jicho.

"Keshakufa," alisema. "Tafuteni majembe."

Majirani waliokuja na makapu yao kutaka nyama wakarudi nayo matupu. Tulimfukia mzima mzima, Khamis akichimba na kidole kinamtoka damu. Tulipokwisha alimwomba mama radhi. Mama hakufoka, na heri angefoka.

"Mali kaleta Mungu, kachukua Mungu," alimwambia. "Lakini kafa akikutazama weye, nawe wapigana na kisu."

Maziwa tuliyakosa, njaa tukaijua, hayo yalipita. Maneno yale hayakupita. Kaka yangu hakuchinja tena maishani mwake, hata kuku wa sikukuu alimtafutia mtu. Nilikuwa nikimwona ameketi barazani, anakifungua kisu kipya na kukifunga, anakifungua na kukifunga, wala hacheki. Mpaka tunamzika, ule ucheshi haukurudi.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukitoka pwani, kisu kioshe kwa maji baridi ya kisima, yasiyo na chumvi. Kifungue chote, uchokoe bawaba kwa kijiti cha chelewa, ule uti wa jani la mnazi, mpaka mchanga utoke. Kifute, kiache wazi juani kikauke, usikikunje na unyevu hata kidogo. Kisha tia tone la mafuta ya cherehani pale kinapokunjika. Ya nazi usitie, huganda yakashika vumbi. Kinoe kwenye kinoo kabla hakijawa butu, na unapokikunja weka vidole mbali na makali. Hata wiki usiyokitumia, kifungue ukione.

Nakwambia haya kwa sababu siku ya haja haipigi hodi, na atakayeumia huenda asiwe wewe. Awe mnyama, awe mtu aliyekabwa na kamba baharini, atakuwa anakutazama.

Mungu akupe mikono iliyo tayari. Akuepushe na jicho la kiumbe anayekutegemea nawe huna la kumfanyia, na amsamehe kaka yangu, kwani yeye mwenyewe hakuweza kujisamehe. Amin.